Vepu: Ni Mvuke Tu au Ni Kitu Chenye Mwili? Vipimo vya Maabara, Afya ya Nyumba na Hukumu ya Swaumu

Himdi zote anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake wote.



Ndugu zetu Waislamu, kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani yanarudi maswali mawili kuhusu sigara za umeme, ambazo vijana wetu wamezoea kuziita vepu. La kwanza huulizwa na vijana wenyewe: "Hiki si moshi, ni mvuke tu. Kinafunguza?" La pili huulizwa na wazazi: "Mwanangu anavuta chumbani na mdogo wake amelala humo humo. Anasema hakina madhara kwa sababu hakinuki moshi. Ni kweli?"

Maswali haya mawili, ingawa moja ni la ibada na jengine ni la afya, yanasimama juu ya jambo moja: kinachotoka katika vepu ni kitu gani? Ni hewa, ni mvuke, au ni kitu chenye mwili? Jambo hili halihitaji kubishaniwa barazani, kwa sababu limeshapimwa maabara kwa vyombo. Katika makala hii tutaeleza, inshaAllaah, vimepimwa vipi, vimepatikana vipimo gani, na vipimo hivyo vinatufaa nini katika kuifahamu hukumu na kuzilinda nyumba zetu.

Vepu inafanya kazi vipi

Sigara ya umeme ya kisasa ilibuniwa na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003. Ndani yake mna betri, waya mdogo uliosokotwa unaoitwa koili, pamba, na tangi la maji mazito. Maji hayo kwa kawaida ni mchanganyiko wa propilini glikoli na gliserini, pamoja na nikotini na vionjo vya ladha: embe, mnanaa, vanila na kadhalika.

Mtu anapovuta, betri huipasha moto koili na maji yaliyomo kwenye pamba huwa mvuke. Mpaka hapo neno "mvuke" ni sahihi, lakini halidumu. Mvuke huo unapotoka kwenye koili na kukutana na hewa baridi, hugeuka tena kuwa maji kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko kupepesa jicho. Maji hayo hayawi tone moja kubwa. Huwa mabilioni ya vitone vidogo vinavyoelea hewani. Wataalamu huuita mchanganyiko huo wa hewa na vitone erosoli.

Tazama birika linapochemka. Pale pale kwenye mdomo wa birika huoni kitu, kisha mbele kidogo ndipo huonekana wingu jeupe. Mvuke wa kweli ni ile sehemu isiyoonekana. Wingu jeupe ni maji, yaani vitone vilivyokwisha kuganda kutoka katika mvuke. Basi na wingu jeupe la vepu ni hivyo hivyo, isipokuwa vitone vyake si vya maji matupu bali ni vya glikoli, gliserini, nikotini na vionjo. Kwa hiyo anayesema "si moshi" amesema kweli, kwa sababu hakuna jani lililoungua. Anayesema "ni mvuke tu" hakusema kweli, kwa sababu kinachoonekana kwa macho si mvuke.

Chembe zenyewe zina ukubwa gani

Ili tuelewane, tuanze na kipimo. Chukua milimita moja katika rula ya mtoto wa skuli uigawe mara elfu. Kila kipande ni mikromita moja. Mikromita hiyo nayo ukiigawa mara elfu, kila kipande ni nanomita moja.

Unywele wa binadamu una upana wa kiasi cha mikromita 70. Chembe za dawa ya pampu ya pumu hutengenezwa ziwe baina ya mikromita 1 na 5, kwa makusudi, ili zipite kooni na kufika kwenye mapafu. Vitone vya vepu ni vidogo zaidi. Watafiti wa Marekani, Ingebrethsen na wenzake, walichapisha mwaka 2012 vipimo vya erosoli ya vepu ikiwa nzima, kabla haijachanganywa na hewa nyingi. Walipata vitone vya wastani wa nanomita 250 hadi 450, na idadi yake ni kiasi cha bilioni moja katika kila sentimita moja ya ujazo. Ukubwa huo na idadi hiyo havitofautiani sana na vya moshi wa sigara ya kawaida.

Tufanye hesabu. Mashine za maabara zinazoiga mvutaji hufuata kanuni maalumu: huvuta mililita 55 za hewa kwa sekunde 3, kisha husubiri, na kila baada ya nusu dakika huvuta tena. Mililita moja ndiyo sentimita moja ya ujazo. Basi pafu moja la mililita 55, ikiwa kila mililita ina vitone bilioni moja, lina vitone bilioni 55. Kila kimoja ni chembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara 150, lakini kila kimoja ni kitu.

Wanapima vipi kisichoonekana

Pengine msomaji atauliza: vitone vidogo namna hii vinapimwa vipi? Hakuna rula wala chekeche la kazi hiyo. Ziko njia kuu tatu.

Ya kwanza ni mwangaza. Asubuhi jua likipenya dirishani utaona mavumbi yanaelea ndani ya mwale, na kumbe chumba kizima kimejaa mavumbi hayo ila huyaoni. Chembe inapopigwa na mwangaza huutawanya, na namna inavyoutawanya hutegemea ukubwa wake. Ndiyo maana moshi wa udi unaopanda kutoka kwenye chetezo, ukiutazama mbele ya ukuta wa giza, huonekana una rangi ya buluu kidogo: chembe ndogo sana huutawanya mwangaza wa buluu zaidi kuliko mwekundu. Maabara hutumia leza au taa maalumu, hupitisha mwangaza ndani ya wingu, na kwa kupima kiasi kilichopita na kilichotawanyika hukokotoa ukubwa wa vitone. Uzuri wa njia hii ni kwamba wingu halihitaji kuguswa.

Ya pili ni kona. Gari linalokwenda kasi likikata kona ghafla, mzigo mzito uliopakiwa juu hutupwa nje, na mwepesi hubaki. Kipo chombo ambacho ndani yake hewa hupitishwa katika vitundu, na mbele ya kila kitundu kuna sahani. Hewa hukata kona kuikwepa sahani. Chembe kubwa hushindwa kukata kona, hujigonga na kunasa, na ndogo hupita kwenda hatua inayofuata, ambako vitundu ni vyembamba zaidi na kasi ni kubwa zaidi. Mwishoni kila sahani hupimwa kwa mizani au kwa dawa za maabara, ikajulikana uzito wa chembe za kila ukubwa.

Ya tatu ni umeme. Chembe hupewa chaji ya umeme kisha hupitishwa baina ya vyuma viwili vyenye umeme. Ndogo huvutwa haraka, kubwa huvutwa polepole. Kwa kubadilisha nguvu ya umeme, chombo huchagua ukubwa mmoja baada ya mwengine. Kisha chembe zilizochaguliwa hupitishwa katika mvuke wa spiriti, mvuke huo hugandamana juu ya kila chembe mpaka inenepe kiasi cha kuonekana na leza, na hapo huhesabiwa moja moja.

Kwa nini vipimo vinatofautiana

Hapa pana jambo ambalo wauzaji na wapinzani wote hulitumia vibaya. Utamsikia mmoja anasema vitone vya vepu ni vya nanomita 50, mwengine anasema 150, wa tatu anasema 400, kisha msikilizaji anadhani wanasayansi wanabahatisha. Sivyo. Sababu zinajulikana.

Kwanza, wingu la vepu limesongamana mno. Vitone bilioni moja katika mililita moja havikai kwa utulivu. Ndani ya sekunde chache hugongana na kuungana, na vinakuwa vichache na vikubwa zaidi. Chombo cha umeme hakiwezi kuhesabu msongamano kama huo, kwa hiyo ni lazima wingu lichanganywe na hewa safi nyingi kwanza. Lakini vitone hivi ni maji, vikikutana na hewa kavu na safi hukauka, kama nguo ya mvua iliyoanikwa kwenye upepo. Vinapofika kwenye chombo vimeshakonda. Ingebrethsen na wenzake walilionesha hilo waziwazi: wingu lile lile lililotoa nanomita 250 hadi 450 kwa njia ya mwangaza, lilipochanganywa na hewa nyingi na kupimwa kwa njia ya umeme, lilitoa chembe za kiasi cha nanomita 50 tu. Kilichobadilika si vepu, ni vitone vilivyokauka njiani.

Pili, yupo anayehesabu idadi na yupo anayepima uzito. Fikiria soko la samaki lenye kapu la dagaa na jodari mmoja. Ukihesabu vichwa, utasema soko zima ni dagaa. Ukiweka mizani, jodari mmoja amelishinda kapu. Kitone cha nanomita 1,000 kina uzito sawa na vitone 1,000 vya nanomita 100, kwa sababu ujazo hukua kwa urefu, upana na kina kwa pamoja. Kwa hiyo anayehesabu idadi atataja ukubwa mdogo, na anayepima uzito atataja ukubwa mkubwa, na wote wawili ni wakweli.

Tatu, vifaa havifanani. Betri yenye nguvu zaidi, gliserini nyingi zaidi, au kuvuta kwa muda mrefu zaidi, vyote hubadilisha wingu.

Basi unapoonyeshwa tarakimu yoyote ya vepu, uliza mambo matatu: imepimwa kwa chombo gani, imechanganywa na hewa kiasi gani, na ni idadi au ni uzito? Tarakimu isiyo na majibu hayo haisemi mengi. Lakini tambua pia kwamba juu ya tofauti zote hizo, hakuna chombo hata kimoja kilichopima wingu la vepu kikakuta hamna kitu. Wote wamekuta chembe, na kwa wingi mno.

Zinapoingia mwilini

Pua ya binadamu ni chujio aliloliumba Allaah kwa hikima Yake. Chembe kubwa kuliko mikromita 10 nyingi hunaswa puani na kooni. Zilizo ndogo kuliko mikromita 2.5 hupita mpaka ndani ya mapafu, kwenye vifuko vidogo ambako hewa hukutana na damu. Vitone vya vepu vyote kwa ukubwa wake vimo katika kundi hili la pili.

Hata hivyo kufika si sawa na kubaki. Chembe za kiasi cha nanomita 300 ndizo zinazonasa kwa uchache kuliko zote, kwa kuwa ni ndogo mno kujigonga kwenye kona na ni kubwa mno kutangatanga kama hewa. Sehemu ya vitone hubaki, nayo nikotini huchomoka kutoka katika vitone na kupita kwenye damu. Sehemu nyengine hutolewa nje kwa pumzi. Ndiyo sababu mvutaji wa vepu hutoa wingu kubwa, na wingu hilo limetoka ndani ya mapafu yake likielekea kwa waliokaa naye.

Tuwe waadilifu pia katika kusema. Ukubwa wa chembe peke yake hautoshi kutoa hukumu ya dhara. Hewa ya baharini nayo ina chembe za chumvi, na jiko linalokaanga samaki hutoa chembe nyingi. Linaloangaliwa ni chembe ina nini ndani yake, na ni kiasi gani kinachovutwa, na kwa muda gani.

Ndani ya vitone vya vepu kwa kawaida mna nikotini, ambayo humfanya mtu kuwa mtumwa wake, na khatari yake ni kubwa zaidi kwa ubongo wa kijana ambao bado unakua. Koili ikipashwa moto kupita kiasi, glikoli na gliserini huvunjika na kutoa fomaldehaidi na akrolini, ambazo huwasha na kudhuru njia za hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Riverside walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa vifaa vya wakati ule, wakakuta katika wingu lake chembe za madini: bati, fedha, chuma, nikeli na alumini. Madini hayo yametoka kwenye kifaa chenyewe, wala hayakuandikwa kwenye chupa.

Ni kweli pia kwamba moshi wa sigara ya kawaida una sumu nyingi zaidi, kwa sababu ndani yake mna jani linaloungua, lami na hewa ya kaboni monoksaidi. Ndiyo maana nchi kama Uingereza huwaruhusu watu wazima waliokwishazoea sigara kuhamia kwenye vepu kama njia ya kuacha. Lakini kusema "ni pungufu ya sigara" si kusema "ni salama". Na kijana ambaye hajawahi kuvuta sigara hahami kutoka kwenye shari kubwa kwenda ndogo, bali anatoka kwenye salama kwenda kwenye shari.

Mdogo wake aliyelala chumbani

Hapa tunamjibu mzazi. Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walichapisha majaribio waliyofanya kwenye chumba maalumu kilichofungwa, mtu akivuta vepu ndani yake. Walikuta hewani propilini glikoli, vionjo, nikotini na chembe ndogo, ingawa kwa kiwango cha chini kuliko sigara ya kawaida. Mwaka 2018 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilikusanya tafiti zilizokuwepo na kuhitimisha kwamba ushahidi umekamilika: vepu huongeza chembe na nikotini katika hewa ya ndani ya nyumba.

Ni kweli kwamba wingu la vepu hupotea macho haraka kuliko moshi wa sigara. Lakini kupotea machoni si kuondoka. Vitone vimekauka, na kilichokuwemo ndani yake kimehamia hewani na juu ya mito, mapazia na mikeka. Katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya kiyoyozi au mbu, mtoto anayelala humo anavuta sehemu yake bila ya kuulizwa.

Pana khatari nyengine iliyo karibu zaidi. Chupa ya maji ya vepu huwa na rangi nzuri na harufu ya peremende. Nikotini iliyomo ikinywewa na mtoto mdogo, hata kidogo, humpa sumu, na hupenya pia kwenye ngozi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mpaka wa miligramu 20 za nikotini katika mililita moja, na chupa isizidi mililita 10, kwa sababu hiyo hiyo ya kupunguza ajali. Chupa zinazouzwa bila ya kusimamiwa huwezi kujua zina kiasi gani. Mtoto akiinywa na akaanza kutapika, kutokwa na mate mengi au kulegea, apelekwe hospitali papo hapo pamoja na chupa yenyewe.

Je, inafunguza?

Tunarudi kwenye swali la kijana. Katika madh-hab ya Imam Ash-Shafi'iy, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi katika visiwa vyetu, miongoni mwa mambo yanayobatilisha swaumu ni kuingiza kwa makusudi kitu chenye mwili, wanachokiita wanavyuoni 'ayn, ndani ya tumbo la mwili kupitia njia iliyo wazi kama mdomo na pua. Harufu tupu haibatilishi, kwa sababu si 'ayn. Vumbi la njiani na unga unaoruka wakati wa kuchekecha vimesamehewa kwa uzito wa kujikinga navyo. Na moshi wa udi, katika kauli ya wanavyuoni wa baadaye wa madh-hab hii, haukuhesabiwa kuwa ni 'ayn kwa ada ya watu.

Tumbaku ilipoingia katika nchi za Kiislamu likazuka swali kama hili la leo. Imepokewa katika hashia za vitabu vya Kishafii kwamba Shaykh Nuru-ddin Az-Zayyadi wa Misri, aliyefariki mwaka 1024 Hijria, mwanzo alikuwa akifutu kuwa moshi wa tumbaku haufunguzi, kwa kuwa hakuujua hakika yake. Alipooneshwa athari yake, yale masizi yanayoganda ndani ya mwanzi wa kuvutia, alirejea kwenye kauli yake na akafutu kuwa unafunguza. Alitazama mwanzi, akaona kitu, akajua kuwa moshi huu unabeba 'ayn.

Basi vepu iko wazi zaidi kuliko mwanzi ule. Tangi lilikuwa limejaa asubuhi na jioni ni tupu. Maji yale yamekwenda wapi? Mwenye kuvuta ameyaingiza kwa mdomo wake, kwa makusudi, na sehemu yake imebaki ndani. Vipimo vya maabara vinathibitisha kile ambacho tangi linaonyesha: kinachovutwa ni maji yaliyogawanywa vitone vidogo, yenye uzito unaopimika kwa mizani. Kwa msingi huo wa madh-hab, kuvuta vepu mchana wa Ramadhani kwa makusudi kunabatilisha swaumu, iwe na nikotini au isiwe nayo, kwa sababu hukumu haikusimama juu ya nikotini bali juu ya 'ayn. Aliyefanya hivyo atubie, ajizuie sehemu iliyobaki ya siku, na ailipe.

Mtu anaweza kuuliza: "Na udi nao si una chembe? Vyombo vitaziona pia." Ni kweli vitaziona. Lakini sharia haikutuwajibisha kufuata kila kinachoonekana na chombo cha maabara, ingekuwa hivyo hata hewa tunayovuta ingefunguza. Kinachoangaliwa ni kile kinachohesabika kuwa kitu kwa ada ya watu, na ni makusudi ya mwenye kufunga. Chombo hapa hakikuleta hukumu mpya. Kimeondoa tu ile hoja ya "ni mvuke tu". Kwa sababu hiyo hiyo, aliyepita njiani akakumbana na wingu la vepu ya mwengine bila ya kukusudia, haina neno kwake.

Ama pampu ya pumu, wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana, na mgonjwa ana hali yake. Asiiache dawa yake kwa sababu ya makala hii. Amuulize daktari wake na shaykh wake.

Na kuhusu kuvuta vepu nje ya swaumu, wanavyuoni wengi wa zama hizi wameikataza kwa kanuni ya kuzuia dhara na kutopoteza mali. Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia lilitoa uamuzi wa kuiharamisha mwezi wa Disemba 2015.

Nasaha kwa familia

Mzazi mwenzangu, ukigundua kuwa mwanao anavuta, usianze na bakora wala kumfedhehesha mbele ya ndugu zake. Aliyezoea nikotini anahitaji msaada. Mkalishe, mwambie unayoyajua. Mpe hoja ya tangi na umwache aijibu mwenyewe.

Usiruhusu vepu ndani ya nyumba, wala kwa mgeni, wala kwa ami yao mkubwa. Kama hamuwezi kumzuia mtu kwa sasa, basi atoke nje, mbali na madirisha ya watoto. Chupa na vifaa viwekwe juu, pahali panapofungwa.

Usitegemee kuwa sheria za nchi zitakufanyia kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi wa Disemba 2023 kwamba nchi 88 hazikuwa na umri wa chini wa kununua bidhaa hizi, na nchi 74 hazikuwa na kanuni yoyote juu yake. Lango la kwanza ni la nyumba yako.

Na wewe kijana unayetaka kuacha, Ramadhani ni fursa yako. Saa kumi na tatu za mchana unazoweza kukaa bila ya vepu ni dalili kwamba unaweza. Anza na hizo, kisha usiirudie baada ya kufuturu. Ukishindwa peke yako, nenda kituo cha afya uombe msaada, si aibu.

Tunamuomba Allaah awahifadhi watoto wetu, azisafishe nyumba zetu na azikubali swaumu zetu. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.